Fuata macho: namna ya kuichambua novela ya Der Sandmann

Ukianza kuisoma Der Sandmann, novela ya Kijerumani ambayo jina lake maana yake ni Mtu wa Mchanga, daftari la "fani na maudhui" liache kwanza mkobani. Vijana wengi hapa Tanga wamezoeshwa kufungua kitabu huku kalamu iko tayari, wakisaka tashibiha moja, sitiari mbili na takriri tatu, wazipange kwenye jedwali, mtihani ujibiwe, basi. Kwa hadithi nyingine njia hiyo inaweza kukuvusha. Kwa hii haikuvushi, kwa kuwa mbinu zake hazikubandikwa juu ya kisa. Ndizo zinazomfanya msomaji aone kitu, halafu zikamwacha anajiuliza kama kweli alikiona.

Mimi ni fundi miwani. Kazi yangu ni kuchonga lenzi, kuziingiza kwenye fremu na kumkalisha mteja mbele ya ubao wa herufi, dukani kwangu Ngamiani. Jumamosi baada ya alasiri vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita hukusanyika hapo barazani pamoja na walimu wawili watatu wa fasihi, kahawa na kashata zikawekwa katikati, tukasoma. Novela hii niliileta mimi. Ndani yake mna mchuuzi wa miwani, na mhusika mkuu anaharibikiwa akili kupitia kifaa cha kutazamia, kwa hiyo ilinigusa mahali nipajuapo. Haya ninayoyaeleza ndiyo namna tunavyoisoma.

Mwandishi wake, E.T.A. Hoffmann, alizaliwa Königsberg mwaka 1776 na kufariki Berlin mwaka 1822. Alikuwa mtunzi wa muziki, mchoraji, na kwa ajira yake jaji. Hilo la ujaji likumbuke. Jaji huzoea kusikiliza mashahidi wawili wakieleza tukio lile lile kwa namna mbili, naye asiwe alikuwapo. Novela imejengwa hivyo hivyo. Aliiandika mwishoni mwa mwaka 1815, ikatoka mwishoni mwa 1816 katika mkusanyo wa hadithi uitwao Nachtstücke. Si ndefu, mtu mwenye nafasi huimaliza kwa kikao kimoja, na ni vizuri usomaji wako wa kwanza uwe hivyo, bila kusimama na bila kuandika chochote.

Kisa chenyewe ni hiki. Nathanael, mwanafunzi wa chuo, utotoni alitishwa na habari za Mtu wa Mchanga anayewatoa watoto macho. Akamhusisha mtu huyo na wakili mmoja wa kuchukiza, Coppelius, aliyekuwa akija usiku kufanya majaribio ya siri na baba yake, na baba akafa katika mlipuko wa majaribio hayo. Miaka imepita. Mchuuzi aitwaye Coppola anabisha hodi, na Nathanael anaamini ni yule yule. Ananunua kwake darubini ndogo ya mfukoni, anaitumia kumtazama Olimpia, binti wa Profesa Spalanzani, na anampenda kufa. Kumbe Olimpia ni mwanasesere wa mitambo. Nathanael anapata kichaa, anapona, anarudi kwa mchumba wake Clara, na siku wanapopanda mnara pamoja ugonjwa unamrudia, anajirusha, anakufa.

Nimekisimulia chote makusudi. Anayesoma Der Sandmann ili ajue mwisho atapata kidogo sana. Taharuki yake haiko kwenye "itakuwaje". Iko kwenye "ni nani anayesema hivyo, na alijuaje".

Anzia kwenye barua

Novela inafunguliwa kwa barua tatu, moja baada ya nyingine, bila msimulizi kujitokeza. Ya kwanza Nathanael anamwandikia Lothar, kaka yake Clara. Ya pili Clara anamjibu Nathanael. Ya tatu Nathanael anamwandikia tena Lothar. Hapo ndipo msimulizi anajitokeza, anamsemesha msomaji ana kwa ana na kukiri kwamba alihangaika sana kutafuta namna ya kuanza. Alifikiria "hapo zamani za kale", akaona imepoa mno. Alifikiria kuingia moja kwa moja katikati ya ugomvi. Mwisho akaamua asianze kabisa, akatuwekea barua alizopewa na Lothar.

Kwenye mtihani wetu wa Kiswahili ungeandika "mtindo wa barua, muundo wa rejea, nafsi ya kwanza kisha nafsi ya tatu", na ungepata maksi zako. Usiishie hapo. Jiulize barua inamfanya nini msomaji. Barua haina shahidi. Tukio la utotoni, lile baya kuliko yote, tunalipata kutoka kwa mtu mmoja tu, anayelikumbuka akiwa mtu mzima na akiwa tayari amefadhaika. Msimulizi haji kulithibitisha wala kulikanusha. Anakuachia mzigo.

Tazama pia kosa dogo la bahasha. Barua ya kwanza imeandikwa kwa Lothar, lakini Nathanael anaandika juu yake jina la Clara, nayo inamfikia Clara. Mwandishi asiye makini angelifanya tukio hilo kuwa sadfa ya kusukuma msuko mbele. Hoffmann analifanya lifunue moyo. Nathanael anasema Clara atamwandikia baadaye akishatulia, huku mkono wake unampelekea barua hii hii. Binti mmoja wa Kidato cha Sita aliwahi kuniambia, "Mjomba, huyu alitaka Clara ajue, ila hakutaka awe yeye aliyemwambia." Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya kosa hilo.

Linganisha wasimulizi wa jambo moja

Hatua ya pili ni kuchukua habari ya Mtu wa Mchanga na kuitazama inavyosimuliwa na watu tofauti. Mama anawaambia watoto ikifika saa tatu usiku: haya, kalaleni, Mtu wa Mchanga anakuja. Nathanael anapomuuliza ni nani, mama anamjibu kwamba hakuna mtu kama huyo, maana yake ni kuwa mna usingizi, macho yenu mazito kana kwamba yametiwa mchanga. Yaya mzee wa mdogo wake wa kike anampa habari nyingine kabisa: ni mtu mwovu anayewajia watoto wasiotaka kulala, anawarushia mchanga kwa viganja mpaka macho yanachomoka na damu, anayatia kwenye gunia na kwenda nayo kwenye mwezi mwandamo kuwalisha watoto wake, walioketi kiotani na midomo iliyopinda kama ya bundi.

Hapa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana. Nani hajatishwa na mumiani? Mkubwa mmoja anakwambia mumiani ni maneno tu ya kuwazuia watoto wasizurure usiku. Mwingine anakueleza gari lake lilivyo, sindano yake ilivyo, na nani alichukuliwa. Mtoto atamwamini nani? Yule wa pili, kwa sababu ametoa picha. Nathanael naye ndivyo alivyochagua. Jibu la mama lilikuwa la kweli ila halikuwa na taswira yoyote ya kushika. La yaya lilikuwa na gunia, kiota, midomo na mwezi. Mtoto yule akajenga woga wake kwa zana alizopewa.

Unapofika hapa andika sentensi moja tu: nini alikisikia, nini alikiona, nini alikiunganisha mwenyewe. Alisikia hatua nzito zikipanda ngazi. Aliona, akiwa amejificha nyuma ya pazia kwenye chumba cha baba, kwamba mgeni wa usiku ni wakili Coppelius. Kuunganisha hatua za ngazini, wakili na mla macho wa yaya kulifanywa na kichwa chake. Baada ya hapo Coppelius anapiga kelele akidai macho, anamkamata mtoto, anataka kumtia makaa machoni, baba anamwombea, kisha Coppelius anazungusha mikono na miguu ya mtoto kana kwamba ni ya kufungua kwa skrubu. Mtoto anazimia. Je, lilitokea? Usilijibu swali hilo. Liandike pembeni kwa penseli, liendelee kuwa wazi mpaka ukurasa wa mwisho.

Clara kwenye barua yake anatoa maelezo ya mchana kweupe: baba na wakili walikuwa wakifanya majaribio ya kemia kwa siri, na mlipuko ulikuwa ajali. Hata amemwendea jirani mwuza dawa kumuuliza kama mlipuko wa namna hiyo unaweza kuua mara moja, akaambiwa ndiyo. Anaongeza kwamba nguvu za giza, kama zipo, hutushika tukiziruhusu zivae umbo letu sisi wenyewe humu ndani. Vijana wengi humwona Clara kama mtu baridi. Mimi namtetea. Ni mtu pekee katika novela nzima aliyekwenda kuuliza kabla ya kuamini.

Daftari la macho

Sasa toa daftari. Chora safu mbili. Kushoto andika kila mahali panapotajwa macho au kifaa cha kutazamia. Kulia andika ni nani anayetazama na anatazama kupitia nini: pazia, mlango wa kioo, dirisha, miwani, darubini, kumbukumbu, shairi. Safu hii ya kulia ndiyo yenye faida. Wengi huandika ile ya kushoto peke yake, wanapata orodha ndefu ya "macho", wanaandika "macho ni ishara ya roho", wanafunga daftari.

Ukizijaza zote mbili utaona motifu hii, yaani jambo linalorudiarudia, ilivyosukwa. Nathanael mtoto anachungulia kwenye pazia. Nathanael mwanafunzi anamwona Olimpia mara ya kwanza kwenye upenyo wa pazia la mlango wa kioo; ameketi, mikono imekunjwa mezani, macho yamekakamaa kama ya mtu anayelala bila kuyafumba, na moyo wake hauvutiki hata kidogo. Halafu nyumba anayopanga inaungua, rafiki zake wanamwokolea vitu, anahamia chumba kinachotazamana na nyumba ya profesa, na Coppola anarudi. Ananadi "macho mazuri" kwa Kijerumani kibovu cha mgeni, na kumbe anamaanisha miwani. Anazitoa mifukoni moja moja, anazirundika mezani mpaka meza nzima inametameta na Nathanael anajiona anakodolewa na macho elfu.

Mimi nimeishi na miwani mezani miaka mingi, na nathibitisha kwamba Hoffmann aliitazama meza ya namna hiyo vizuri. Lenzi tupu zikipangwa karibu na dirisha, kila moja inabeba taswira yake ndogo ya mwanga wa dirisha, na ukisogea taswira zote zinasogea nawe. Hakuna uchawi, ni mwakisiko. Lakini mtu mwenye hofu ya macho tangu utotoni akiona hivyo, tashihisi haihitaji kutafutwa, inakuja yenyewe. Ndiyo maana nasema mbinu katika novela hii zinatoka ndani ya mhusika. Miwani haipewi uhai na mwandishi anayetaka kupamba sentensi. Inapewa uhai na Nathanael.

Kwenye daftari lako hilo hilo fungulia kurasa nyingine tatu ndogo. Moja iwe ya moto: jiko la majaribio, mlipuko, nyumba iliyoungua, duara la moto kwenye shairi la Nathanael, na kelele za "duara la moto" anapopata kichaa. Ya pili iwe ya ngazi: hatua zinazopanda usiku, mchuuzi anayetishiwa kutupwa ngazini, kicheko cha Coppola akiteremka baada ya kuuza darubini, na ngazi za mnara. Ya tatu iwe ya saa. Utotoni ubaya unafika usiku. Coppola kwa mara ya kwanza anafika tarehe 30 Oktoba saa sita mchana, na mnara nao unapandwa mchana wa saa sita. Hofu ilianza gizani, sasa inatembea juani. Mwandishi halisemi hilo popote. Ni takriri ya saa inayolisema.

Sentensi moja, polepole

Ukitaka kujua Hoffmann alivyo fundi, kaa na sentensi ile Nathanael anapoelekeza darubini dirishani kwa Olimpia. Mwanzoni macho ya Olimpia anayaona yamekakamaa, yamekufa. Anapozidi kukaza, inakuwa kana kwamba miale ya mwezi yenye unyevu inachomoza machoni mwake. Inaonekana kana kwamba nguvu ya kuona ndiyo kwanza inawashwa. Halafu, katika pumzi hiyo hiyo, mitazamo inawaka ikizidi kuwa hai.

Piga mstari chini ya kila "kana kwamba", au neno linalofanya kazi hiyo kwenye tafsiri unayoisoma. Yapo mwanzo wa maelezo, mwisho wake hayapo. Sentensi imeanza kwa dhana, imemalizikia kwenye uhakika, na hakuna alama iliyotuonyesha mpaka ulivukwa wapi. Msimulizi wa nafsi ya tatu, tuliyemdhani amesimama nje na akili zake timamu, ameazima macho ya Nathanael bila kutuaga. Kwenye karamu ya profesa mambo yamekwenda mbali zaidi. Nathanael anatoa darubini na kutambua jinsi Olimpia anavyomtazama kwa shauku, na kauli hiyo haina "kana kwamba" hata moja. Ukisoma haraka, nawe umeshaamini.

Barazani kwetu tuna zoezi la hapo. Namvalisha msomaji mmoja fremu ya majaribio yenye lenzi za kusomea, namba +3.00, namwambia atazame ng'ambo ya barabara na atueleze watu wa kule wanafanya nini. Kwa mbali lenzi hizo zinaleta ukungu. Kijana mmoja alisema mama muuza vitumbua anamfokea mtu, amekasirika sana. Tukamvua. Mama alikuwa anapiga miayo. Nilichopenda ni kwamba kijana hakusema "sioni vizuri". Aliona uso wenye hasira, kabisa. Jicho likikosa habari, akili huijaza, na huijaza kwa kile ilichonacho tayari. Baada ya zoezi hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa kilichompata Nathanael dirishani.

Kinaya kilichofumwa kote

Kinaya kikubwa cha novela kiko kati ya wanawake wawili. Nathanael anamsomea Clara shairi lake: yeye na Clara wamesimama madhabahuni, Coppelius anatokea na kuyagusa macho ya Clara, yanaruka kifuani mwa Nathanael yakiunguza. Clara wa shairini anamwambia macho yangu ninayo, nitazame. Anamtazama, na kifo ndicho kinachomtazama kwa upole kupitia macho hayo. Clara wa kweli, baada ya kusikiliza, anamsihi aitupe kazi hiyo motoni. Nathanael anamsukuma na kumwita mashine isiyo na uhai, iliyolaaniwa.

Kisha anakwenda kuipenda mashine isiyo na uhai. Anamsomea Olimpia mashairi saa nyingi, naye hapigi miayo, hafumi, hachezi na mbwa wala paka, anasema "Ach, ach!" na mwisho "usiku mwema, mpenzi". Nathanael anaona hajapata kueleweka namna hiyo maishani. Rafiki yake Siegmund anamwambia kwa upole kwamba mwendo wa binti yule una kipimo mno, kama wa mtambo uliotiwa ufunguo, naye anaizuia hasira yake lakini hamwamini. Wasomaji wetu hucheka hapa, wacha wacheke, lakini waulize baadaye: ni nani kati ya hawa wawili aliyemsikiliza kweli? Clara alisikiliza ndiyo maana aliogopa.

Usawiri wa Olimpia una jambo moja la kuangalia. Wahusika wengine wote wanaelezwa kwa wanachosema na kufanya. Olimpia anaelezwa kwa kile ambacho hakifanyi. Ni mhusika aliyejengwa kwa mapengo, na kila pengo Nathanael analijaza kwa nafsi yake. Ukilinganisha wahusika kwenye jibu lako, linganisha hilo kabla ya urefu wa nywele na rangi ya macho.

Baada ya Spalanzani na Coppola kumgombania mwanasesere na Nathanael kuona uso wa nta wenye mashimo meusi mahali pa macho, novela inabadilika ghafla na kuwa ya dhihaka. Watu wa mji wanaingiwa na wasiwasi juu ya wachumba wao. Wanaume wanataka wapenzi wao waimbe nje ya mdundo kidogo, na wakizungumza waonyeshe kwamba wanafikiri. Profesa mmoja wa ushairi anatangaza kwamba jambo lote hilo ni istiara, sitiari iliyoendelezwa. Nawaomba walimu wapaangalie hapa. Hoffmann amemweka ndani ya hadithi mtu anayemaliza kila fumbo kwa kulipa jina la mbinu, na hakumweka kwa kumsifu.

Mnarani

Sehemu hii isomwe kwa sauti, na msomaji mmoja tu, asiye na haraka.

Nathanael amepona. Saa sita mchana yeye, Clara na Lothar wanapita mjini, mnara mrefu unatupa kivuli chake sokoni. Clara anasema tupande. Juu, Clara anaona kitu cha ajabu: kichaka kidogo cha kijivu kinachoonekana kama kinawajia. Nathanael anatia mkono mfukoni bila kufikiri, anaikuta darubini ya Coppola, anatazama upande, na Clara amesimama mbele ya kioo cha darubini. Mishipa inamruka, anapauka, anamkodolea Clara, anaanza kupiga kelele na kutaka kumtupa chini. Lothar anamwokoa dada yake. Chini, kwenye umati, Coppelius anacheka na kusema ngojeni, atashuka mwenyewe. Nathanael anamwona, anapiga kelele za "macho mazuri", anaruka.

Rudi kwenye kichaka. Ukurasa ule wa utotoni Coppelius alielezwa kuwa na nyusi za kijivu zilizosimama kama vichaka, na koti la rangi ya majivu. Kichaka cha kijivu kinachotembea ni dokezo lililopandwa mapema likaachwa liote. Tena anayekiona wa kwanza ni Clara, mtu wa mchana kweupe. Hapo maelezo yake ya barua ya pili yanatikisika, na ndiyo sababu nilikwambia uandike kwa penseli.

Halafu kuna jambo ambalo kila fundi wa lenzi atalisimamia. Darubini ya mfukoni imetengenezwa kwa ajili ya kilicho mbali. Uso ulio karibu kiasi cha mkono hauwezi kukaa sawasawa ndani yake. Unakuwa doa la mwanga na kivuli lililovimba, lisilo na mpaka. Hoffmann hasemi Nathanael aliona nini. Anasema tu Clara alikuwa mbele ya kioo, kisha anatueleza uso wa Nathanael. Pengo hilo ni mbinu, kubwa kuliko zote alizotumia. Kwa Olimpia kioo kilimfanya asiye hai aonekane hai. Kwa Clara, kwa umbali ule, hakikuweza kuonyesha chochote, na mtu yule alishazoea kuamini kioo. Lolote aliloliona lilitoka kwake mwenyewe, au kwenye lile shairi ambamo kifo kilimtazama kupitia macho ya mchumba wake. Wanafunzi wakiuliza "aliona nini?", warudishe kwenye shairi wasome tena mistari ya mwisho, wabishane wenyewe.

Wataalamu waje mwisho

Sigmund Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, aliiandikia novela hii kurasa nyingi mwaka 1919 katika insha yake Das Unheimliche, kuhusu hofu inayotoka kwenye kitu ulichokizoea. Kabla yake, mwaka 1906, Ernst Jentsch, daktari wa magonjwa ya akili, alieleza kwamba hofu hiyo hutokana na mashaka kama kitu tukionacho ni hai au si hai. Freud alikataa kwamba Olimpia ndiye kiini, akasema kiini ni hofu ya kunyang'anywa macho, akaifungamanisha na baba na hofu za utotoni. Wasome, lakini baada ya daftari lako kujaa. Mimi naona Freud alimsoma vizuri sana Coppelius, ila akapita haraka kwa msimulizi, yule anayeazima macho ya mgonjwa bila kuaga. Ukianza na Freud hutamwona msimulizi huyo tena.

Unapoandika jibu

Usiandike aya ya sitiari, aya ya taswira, aya ya kinaya. Chagua kitu kimoja chenye umbo, mfano darubini, ukifuate kutoka kinaponunuliwa kwa dukati tatu, sarafu za dhahabu za zamani, mpaka mnarani. Njiani utalazimika kutaja taharuki, usimulizi, kinaya, dokezo na motifu, kila moja mahali ilipofanya kazi. Mfano wa sentensi ya kufungulia ambayo mtahini hawezi kuipita: "Darubini ya Coppola inatumika kubadilisha msimulizi: kila inapowekwa jichoni, maelezo yanaacha kueleza kilichopo na yanaanza kueleza anachotamani au anachoogopa Nathanael." Baada ya sentensi hiyo toa ushahidi wa dirishani, wa karamuni na wa mnarani, kwa mpangilio huo, na useme wazi pale ushahidi unapopungua. Sentensi kama "hapa maandishi hayasemi" ina thamani kubwa kwenye jibu la novela hii, mradi ueleze kwa nini hayasemi.

Aya ya mwisho ya novela usiisahau kwenye jibu. Inasemwa kwamba miaka kadhaa baadaye Clara ameonekana mbele ya nyumba nzuri ya shamba, ameshikana mkono na mwanamume mwenye uso mwema, watoto wawili wa kiume wanacheza mbele yao. Ameonekana na nani? Hatuambiwi, ni habari ya kusikia, kama ile ya yaya. Barazani kwetu kuna wanaoiamini aya hiyo na kuna wasioiamini, na kila upande una hoja zake.

Maandishi ya Kijerumani yanapatikana bure kwenye intaneti, na tafsiri za zamani za Kiingereza pia. Kabla ya kuchapa nakala za kikundi, hakikisha tafsiri haijakata maneno ya msimulizi yanayofuata barua ya tatu. Ni sehemu ambayo mfupishaji yeyote ataona rahisi kuiondoa, na ikiondolewa, nusu ya haya niliyoeleza hutayaona. Gawa barua tatu kwa wasomaji watatu, kila mmoja asome ya kwake mara mbili nyumbani. Anayemsoma Clara awe yule mwenye tabia ya kubisha.